Kompyuta Zinapopiga Hodi: Kuharakisha Usambazaji wa Programu katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa

Tarehe 20 Januari 2025 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa wilayani Biharamulo, katika Mkoa wa Kagera. Hiyo ilikuwa mara ya pili kwa mkoa huo. Mara ya kwanza ilitangazwa tarehe 21 Machi 2023, ugonjwa ulipozuka Bukoba Vijijini, ambako watu 9 waliugua na 6 kati yao wakafariki. Karagwe na Kyerwa zimo katika mkoa huohuo. Zinatenganishwa na Rwanda na Mto Kagera, na Kyerwa inapakana pia na Uganda. Watu, ndizi, kahawa na magonjwa huvuka mipaka hiyo kila siku.

Katika majira kama hayo, fomu ya kutolea taarifa za wagonjwa inaweza kubadilishwa makao makuu kwa dakika chache. Huongezwa swali kuhusu safari za mgonjwa, au huongezwa dalili ambayo hapo awali haikuulizwa. Kazi ya mtaalamu wa makao makuu huishia hapo. Lakini kompyuta iliyo katika kituo cha afya kando ya mpaka haijui kwamba kuna fomu mpya. Itaendelea kuuliza maswali ya zamani hadi itakapowasiliana na makao makuu na kuambiwa kwamba mambo yamebadilika. Muda unaopita kati ya fomu mpya kuwekwa na kompyuta hiyo kuipata ndio unaochunguzwa katika makala haya.

Mteja na seva

Kompyuta ya kwanza ya serikali nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Siku hizo kusambaza programu halikuwa tatizo, kwa kuwa mashine ilikuwa moja na aliyetaka kubadili programu alikwenda kwa miguu hadi chumba kilimokuwa na mashine hiyo. Siku hizi mifumo kama vile DHIS2, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na kuenea Tanzania Bara yote kufikia mwaka 2013, hutumiwa na watumishi wa vituo vingi kwa wakati mmoja. Hali kadhalika mifumo ya mapato, mishahara, mipango na mitihani. Kompyuta moja kuu, iitwayo seva, huhifadhi programu na data. Kompyuta nyingine nyingi, ziitwazo wateja, huhudumiwa nayo.

Mtu angedhani kwamba seva ndiyo huanza kuzungumza, kwa kuwa ndiyo yenye habari. Mara nyingi sivyo. Seva haijui ni mteja yupi aliyewashwa, ni yupi aliyezimwa kwa kukatika umeme, na ni yupi aliyechukuliwa na afisa kwenda naye Bukoba. Zaidi ya hayo, mitambo ya mtandao hupangwa izuie mgeni wa nje asianzishe mazungumzo na kompyuta ya ndani. Kwa hiyo mteja ndiye anayekwenda mlangoni na kupiga hodi: “Mimi ni kompyuta fulani, toleo langu ni la 41, je, kuna jipya?” Seva hujibu “hakuna”, au humpa toleo la 42.

Kipindi cha hodi

Ikiwa mteja anapiga hodi kila baada ya saa 8, habari iliyowekwa mara tu baada ya hodi moja itangoja saa 8 kamili. Iliyowekwa muda mfupi kabla ya hodi haitangoja karibu chochote. Habari huweza kuwekwa wakati wowote, kwa hiyo wastani wa kungoja ni nusu ya kipindi, yaani saa 4.

Watengenezaji wa programu wamechagua vipindi vinavyotofautiana sana. Mfumo wa WSUS wa kampuni ya Microsoft, usipobadilishwa na mtumiaji, hutumia kipindi cha saa 22, na kila mteja hupunguza kwa bahati nasibu hadi asilimia 20 ya muda huo. Hivyo kipindi halisi huwa kati ya saa 17 na dakika 36 na saa 22. Mfumo wa Configuration Manager wa kampuni hiyohiyo hutumia dakika 60. Mfumo wa Puppet, unaopendwa na wasimamizi wa seva, hutumia dakika 30.

Katika wilaya ya vijijini hesabu hiyo ina kasoro moja kubwa: kompyuta iliyozimwa haipigi hodi. Ofisi hufunguliwa asubuhi na kufungwa alasiri, na mwishoni mwa juma mashine hulala. Kipindi cha saa 22 kilichopangwa kwa mashine ziwakazo usiku na mchana humwangukia mtumishi wa Kayanga au Rubwera usiku wa manane. Ndiyo sababu jambo la kwanza la kurekebishwa katika mazingira hayo ni kumwamuru mteja apige hodi kila anapowashwa, baada ya kungoja kidogo, kisha ndipo afuate kipindi chake. Amri hiyo moja huleta nafuu kuliko kufupisha kipindi chenyewe.

Gharama ya kuchelewa si ya kubuni. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa sahihisho la kuziba ufa katika mfumo wa Windows. Siku 59 baadaye, tarehe 12 Mei, programu haribifu iitwayo WannaCry ilipitia ufa huohuo na kushambulia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Huko Uingereza hospitali zilifunga milango ya baadhi ya huduma, na miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 ilikadiriwa kufutwa. Si kila mashine iliyoshambuliwa ilikuwa imechelewa kupiga hodi. Nyingine zilikuwa za zamani mno, na nyingine zilizuiwa makusudi na wasimamizi waliohofia mabadiliko. Hata hivyo dawa ilikuwa tayari kwa karibu miezi miwili, na haikuwa imefika.

Safari za kwenda na kurudi

Hodi moja ina sehemu nyingi kuliko zinavyoonekana. Kwanza mteja huuliza anwani ya seva. Pili hufungua njia ya mazungumzo. Tatu, pande mbili hukubaliana juu ya siri ya kuficha maneno yao, jambo ambalo katika utaratibu wa zamani wa TLS 1.2 huchukua safari mbili. Mwisho ndipo swali lenyewe huulizwa na kujibiwa. Jumla ni safari tano za kwenda na kurudi.

Katika uzi wa kioo mwanga husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Ichukuliwe kwamba njia ya uzi kutoka Karagwe hadi Dar es Salaam ina urefu wa kilomita 1,500: kwenda na kurudi ni kilomita 3,000, yaani sekunde 0.015. Mitambo ya njiani huongeza kiasi, tuseme jumla iwe sekunde 0.03. Safari tano ni sekunde 0.15, na hakuna mtu atakayelalamika.

Sasa ichukuliwe kwamba kituo kinatumia setilaiti iliyotulia juu ya ikweta, kwenye kimo cha kilomita 35,786. Swali hupanda na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka; jumla si chini ya kilomita 143,000. Kwa mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde, safari moja ya kwenda na kurudi haiwezi kuwa chini ya sekunde 0.477, na kwa kawaida hufika 0.6. Safari tano ni sekunde 3. Ikiwa programu iliyotungwa ovyo inauliza maswali 40, moja baada ya jingine, na kufungua njia mpya kwa kila swali, hodi nzima itachukua dakika 2. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya mawasiliano ya Tanzania na nchi za nje kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Dar es Salaam, ule wa SEACOM mwaka 2009 na ule wa EASSy mwaka 2010. Wala haijasahaulika: tarehe 12 Mei 2024 nyaya zote mbili zilikatika, na mtandao ukazorota nchini kote.

Mwendo wa mwanga hauwezi kuongezwa. Kinachoweza kufanywa ni kupunguza safari. Utaratibu wa TLS 1.3, uliotolewa mwaka 2018, hutumia safari moja mahali pa mbili. Njia iliyokwisha kufunguliwa inaweza kuachwa wazi, na maswali 40 yakatiwa katika bahasha moja. Programu ileile, kwa setilaiti ileile, hupiga hodi kwa sekunde zisizozidi 3 badala ya dakika 2.

Kuuliza kwa ufupi

Kuna mifumo ambayo mteja, kila apigapo hodi, hupewa orodha yote ya programu na kuambiwa ajitafutie kilichobadilika. Ikiwa orodha ni megabaiti 5, hiyo ni megabiti 40. Ofisi yenye kompyuta 30 inayotumia njia ya megabiti 2 kwa sekunde itahitaji sekunde 20 kwa kila kompyuta, na dakika 10 kwa zote, ilhali siku nyingi hakuna jipya lolote.

Dawa yake ni ya zamani kidogo. Seva huikokotolea orodha yake alama fupi, tuseme tarakimu na herufi 64, kwa njia ambayo herufi moja tu ikibadilika katika orodha, alama nayo hubadilika kabisa. Mteja huitunza alama aliyopewa mara ya mwisho na kuitaja anapopiga hodi. Seva huzilinganisha, zikiwa sawa hujibu “hakuna kilichobadilika”, maneno machache tu. Utaratibu wa HTTP umekuwa na jibu la namna hiyo tangu miaka ya 1990. Inasikitisha kuona ni watunzi wangapi wa programu ambao bado hawalitumii, pengine kwa sababu wao wenyewe hufanya kazi mahali ambapo mtandao ni wa kasi.

Foleni mlangoni

Baada ya kusoma hayo, msomaji anaweza kuuliza: kama kipindi kifupi ni bora, kwa nini mteja asipige hodi kila sekunde? Jibu limo katika hesabu ya foleni.

Ichukuliwe, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba wilaya hizi mbili zina wateja 400 na kwamba seva inaweza kuhudumia hodi 10 kwa sekunde. Kwa kipindi cha dakika 60, hodi moja hufika kila baada ya sekunde 9, na seva husinzia. Kwa kipindi cha dakika 1, hodi 6.67 hufika kila sekunde. Zinapofika bila mpango, wastani wa muda anaokaa mteja mlangoni hukadiriwa kwa kugawanya 1 kwa tofauti ya uwezo na wingi: 1 ÷ (10 − 6.67), yaani sekunde 0.3. Bado si vibaya. Lakini hodi zikifika 9.5 kwa sekunde, muda huwa sekunde 2, zikifika 9.9, huwa sekunde 10. Kutoka 9.5 hadi 9.9 ongezeko la hodi ni dogo sana, na muda wa kungoja umezidi mara tano. Mwalimu wa hisabati atalitambua umbo hilo mara moja. Ni la sehemu ambayo asili yake inakaribia sifuri.

Tena hodi huwa hazifiki kwa kutawanyika. Umeme unaporudi Jumatatu asubuhi, mashine zote huwaka pamoja. Hodi 400 zikifika katika sekunde moja, wa mwisho atangoja sekunde 40. Kwa kawaida mteja hana subira isiyo na kikomo. Tuseme subira yake ni sekunde 30, na ikiisha huacha swali lake la kwanza na kuuliza upya. Wateja 300 watahudumiwa. 100 watakata tamaa na kuuliza tena. Seva haijui kwamba wamekata tamaa. Itatumia sekunde 10 kuyajibu maswali yao ya zamani, majibu ambayo hakuna anayeyasubiri, kisha ndipo iyafikie mapya. Wa mwisho atahudumiwa sekunde ya 50.

Hasara hiyo ni ndogo. Lakini wateja wangekuwa 4,000, mambo yangekuwa mengine kabisa. Katika sekunde 30 za kwanza 300 wangehudumiwa. Waliobaki 3,700 wangeuliza upya, na seva ingehitaji sekunde 370 kuyamaliza maswali yao yaliyokufa. Ikifikia yale ya pili, wenyewe wameshayaacha zamani. Seva ingefanya kazi kwa nguvu zake zote, taa zikiwaka na feni zikivuma, bila kumhudumia hata mteja mmoja zaidi. Mtumishi ofisini angesema “mtandao uko chini”, kumbe mtandao ni mzima.

Tiba ni mbili, na zote hutumia bahati nasibu. Ya kwanza ni kwamba kila mteja akiwashwa, achague mwenyewe muda wa kungoja kati ya sekunde 0 na, tuseme, 600. Hodi 4,000 zikitawanywa katika dakika 10 huwa 6.67 kwa sekunde, na seva ileile huzimudu bila taabu. Ya pili ni kwamba mteja asiyejibiwa asirudi papo hapo. Angoje sekunde 30, akishindwa angoje 60, kisha 120, kila mara akiongeza au kupunguza kidogo kwa bahati nasibu ili wasirudi wote pamoja. Anayetaka hodi ya haraka kwa wote lazima akubali kumwambia kila mmoja asubiri kidogo.

Seva ya wilaya

Kupiga hodi ni nusu ya kazi. Mzigo nao lazima ubebwe. Sahihisho la megabaiti 500 likichukuliwa na kila moja ya kompyuta 30 kwa njia ya megabiti 2 kwa sekunde, jumla ni megabiti 120,000, nazo huchukua sekunde 60,000, yaani saa 16 na dakika 40. Siku mbili za kazi hupita njia ikiwa imezibwa.

Pakiwekwa mashine moja katika jengo lenyewe, hata iliyo duni, ambayo huchukua nakala moja na kuwagawia wengine, njia ya nje hutumika kwa sekunde 2,000 tu, yaani dakika 33 na sekunde 20. Ugawaji wa ndani, kwa waya wa megabiti 100, huchukua dakika 20. Mashine hiyo inaweza pia kupokea hodi kwa niaba ya makao makuu: wateja 30 hupiga hodi kwake kila dakika bila gharama, naye peke yake hupiga hodi Dodoma au Dar es Salaam. Mkulima wa kahawa wa Karagwe anaujua mpango huu, kwa kuwa hapeleki gunia lake mnadani. Hulipeleka kwenye chama chake cha msingi.

Kungoja mjumbe

Mnamo Novemba 1861 John Hanning Speke alifika katika ikulu ya Rumanyika, mfalme wa Karagwe, akiwa na mwenzake James Grant. Alitaka kuendelea hadi Buganda, lakini hakuna aliyeingia huko bila idhini ya Mutesa. Rumanyika alipeleka habari, na wageni wakakaa kungoja. Wajumbe wa Mutesa walipofika Januari 1862, Speke aliondoka nao bila kukawia, akimwacha Grant aliyekuwa akiugua mguu.

Speke hakwenda mpakani kila asubuhi kuuliza kama idhini imetoka. Kompyuta nayo inaweza kufanya hivyo: hufungua njia mara moja, huiacha wazi, na hukaa kimya hadi seva iseme. Habari hufika kwa sekunde moja au mbili, na hodi zisizo na maana hukoma. Simu za mkononi hupokea arifa zake kwa namna hii, zile za Apple tangu mwaka 2009. Seva, hata hivyo, lazima ikumbuke njia zote zilizo wazi, na mitambo ya katikati huifuta njia iliyokaa kimya kwa muda mrefu. Kwa hiyo mteja hulazimika kutoa mguno mdogo kila baada ya dakika kadhaa kuonyesha kwamba bado yupo, na mtandao ukikatika, arifa hupotea. Wasimamizi wenye busara huziweka njia zote mbili: arifa kwa ajili ya haraka, na hodi ya kila baada ya saa kadhaa kwa ajili ya yule aliyekosa arifa.

Haraka ya kuharibu

Ijumaa tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani iliwatumia wateja wake duniani faili moja lenye kosa. Faili hilo liliondolewa saa 2:27. Katika muda huo wa dakika 78 kompyuta zipatazo milioni 8.5 zililichukua na kuanguka. Ndege ziliahirishwa na hospitali zikarudi kwenye karatasi. Miongoni mwa zilizonusurika ni zile zilizokuwa zimezimwa. Wateja wa mfumo ule walikuwa wakipokea masahihisho kwa dakika chache tu, na kasi hiyohiyo ndiyo iliyolisambaza kosa.

Hakuna anayeshauri kurudi kwenye saa 22. Baada ya tukio hilo kampuni yenyewe iliamua kupeleka masahihisho kwa mafungu: wachache kwanza, kisha baada ya kuhakikisha wazima, wengine. Mpango huo unahitaji hodi za haraka, kwa sababu hodi ndizo zinazorudisha habari kwamba kumi wa kwanza wameanguka. Kwa wilaya mbili, fungu la kwanza laweza kuwa ofisi moja ya Kayanga ambako fundi yupo karibu, wala si kituo cha mpakani ambako fundi atafika kesho yake.

Jaribio la darasani

Wanafunzi 40 na saa yenye mkono wa sekunde vinatosha. Mwalimu ni seva: husoma karatasi moja kila baada ya sekunde 3, kwa kufuata mlolongo, na kumjibu mwenyewe. Katika duru ya kwanza wote huweka karatasi pamoja na kusubiri hadi mwisho. Wa kwanza atajibiwa sekunde ya 3, wa mwisho sekunde ya 120, na wastani utakuwa sekunde 61.5.

Katika duru ya pili iwekwe sheria ya subira. Asiyejibiwa kwa sekunde 30 huweka karatasi mpya chini ya zilizopo, na karatasi ya zamani haihesabiki tena ingawa mwalimu lazima aisome. Baada ya wanafunzi 10 wa kwanza hatapatikana wa kumi na moja, hata kengele ya kipindi ikilia. Katika duru ya tatu kila mmoja achague kwa kura sekunde yake ya kuweka karatasi, kati ya 0 na 240. Foleni itatoweka, na wastani wa kungoja tangu kuweka karatasi hadi kujibiwa hautakuwa mbali na sekunde 4 au 5.

Mwanafunzi makini atasimama na kupinga: ukihesabu tangu mwanzo wa duru, wastani wa kupata habari sasa umepita sekunde 120, mara mbili ya ule wa duru ya kwanza! Ana haki. Na apewe chaki, aonyeshe ubaoni ni muda gani wa kutawanya, kati ya 0 na 240, atakaouchagua yeye ikiwa sheria ya subira ya sekunde 30 inabaki palepale.